GIF: Jinsi video fupi inavyogeuzwa kuwa picha ya wasifu inayocheza

Picha ndogo ya mtu anayekonyeza jicho, anayecheka au anayetikisa kichwa bila kuchoka imekuwa sehemu ya mazungumzo ya mtandaoni. Wengi huiweka kwenye wasifu wao, kama avata, mahali pa picha mnato. Mara nyingi chanzo chake ni video ya sekunde mbili tatu iliyopigwa kwa simu. Makala hii inaeleza jinsi picha hiyo inavyotengenezwa, kwa nini wakati mwingine hutoka na ukungu au huwa nzito kupita kiasi, na mambo ya kufikiria kabla sura ya mtu haijaanza kuzunguka.

GIF ni nini?

GIF ni aina ya faili la picha. Ilitolewa Juni 1987 na kampuni ya Marekani ya CompuServe, na kazi hiyo iliongozwa na mhandisi Steve Wilhite, aliyefariki dunia Machi 2022. Wakati huo kompyuta za nyumbani ziliunganishwa kwa laini za simu zenye kasi ndogo sana. Lilihitajika faili dogo ambalo kompyuta za kila aina zingeweza kulisoma.

Jibu lilikuwa kupunguza. Kila picha ilipewa rangi zisizozidi 256, kisha sehemu zinazojirudia zikabanwa ili zisiandikwe mara mbili. Mwaka 1989 toleo jipya liliwezesha kupanga muda ambao kila picha inakaa kwenye kioo. Katikati ya miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape kilileta uwezo wa kurudia mfululizo huo bila kikomo. Hapo ndipo picha ikaanza kucheza kama tunavyoijua leo.

Kuhusu matamshi, Wilhite mwenyewe alisisitiza kuwa herufi ya kwanza isomwe kama "j". Watu wengi hawakumfuata, na ubishi huo haujaisha.

Kwa nini video haifai kutumiwa kama ilivyo?

Video ni mfululizo wa picha mnato zinazoitwa fremu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, hivyo video ya sekunde 3 ina fremu 90. Ikiwa kila fremu ina upana wa pikseli 1280 na urefu wa pikseli 720, ina nukta 921,600. Katika GIF kila nukta huchukua baiti moja kabla ya kubanwa. Fremu 90 zitafika takriban megabaiti 83.

Sasa chukua video hiyohiyo, ikate iwe mraba wa pikseli 128 kwa 128, na ubakize fremu 10 kwa sekunde. Zitabaki fremu 30, kila moja ikiwa na nukta 16,384. Jumla ni chini ya nusu megabaiti, na ikibanwa huwa nyepesi zaidi. Kwa anayenunua bando la intaneti kwa siku au kwa wiki, tofauti hiyo ni pesa. Avata hupakuliwa kwenye simu ya kila anayeiona, si ya mwenye nayo peke yake.

Hatua za kutengeneza

Kwanza, chagua tendo moja. Sekunde 2 au 3 zinatosha. Tafuta kipande ambacho mwisho wake unafanana na mwanzo, kwa mfano mtu anayegeuza kichwa na kukirudisha. Kipande hicho kisipopatikana, programu nyingi zina uwezo wa kuichezesha video kwenda mbele kisha kurudi nyuma, na mruko unaokera unatoweka.

Pili, kata mraba na uiweke sura katikati. Mitandao mingi huonyesha avata ndani ya duara, kwa hiyo pembe nne zitapotea. Maandishi au mkono ulio pembeni hautaonekana.

Tatu, punguza ukubwa, kisha punguza fremu ziwe kati ya 10 na 15 kwa sekunde. Ukizipunguza zaidi ya hapo mtu huonekana akirukaruka.

Nne, angalia rangi. Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Programu hugawa zile rangi 256 kwa kuangalia zilizoenea zaidi katika picha. Mtu akisimama mbele ya kitenge chenye maua mengi au matatu iliyochorwa pande zote, rangi nyingi humezwa na mandhari na uso hubakiwa na chache. Ngozi hutokea madoamadoa, hasa pale mwanga ulipokuwa hafifu. Ukuta mtupu na mwanga wa mchana unaotoka mbele huacha rangi za kutosha kwa ajili ya uso.

Tano, shikilia simu isitikisike. GIF inaweza kuhifadhi sehemu iliyobadilika tu kutoka fremu moja hadi nyingine. Mandhari yakitulia, faili hupungua. Mkono ukitetemeka, kila nukta huhesabiwa kuwa mpya.

Sita, kumbuka kuwa GIF haina sauti. Ikiwa kichekesho kiko kwenye maneno, kitapotea.

Zana zipo za kutosha. Tovuti kama Ezgif na Giphy hufanya kazi yote ndani ya kivinjari. Kwenye kompyuta, programu za bure za GIMP na FFmpeg hufanya kazi bila intaneti. Tofauti hiyo ina maana: video ukiipandisha kwenye tovuti, nakala yake inafika kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kwa video ya mtoto au ya nyumbani, ni salama zaidi kutumia programu iliyo kwenye kifaa chako.

Si kila mtandao unaipokea

Kabla ya kuanza, hakikisha unakokwenda kunakubali avata inayocheza. Discord inairuhusu kwa wanaolipia huduma yake ya Nitro. Telegram tangu mwaka 2020 huruhusu video fupi kwenye wasifu. WhatsApp huonyesha picha mnato tu katika nafasi hiyo, lakini inakubali stika zinazocheza, zenye pikseli 512 kwa 512 na uzito usiozidi kilobaiti 500.

Usishangae pia ukikuta kinachoitwa GIF si GIF. Telegram na WhatsApp huibadilisha kuwa video isiyo na sauti, kwa sababu teknolojia ya video ya siku hizi hubana vizuri zaidi kuliko faili la mwaka 1987.

Sura hiyo ni ya nani?

Fremu, rangi na sauti vinaweza kupunguzwa. Mwenye sura hapungui. Video ya dakika 5 humwonyesha mtu akiongea, akikosea na kujisahihisha. GIF huchukua sekunde 2 kati ya hizo na kumfanya azirudie milele, bila maelezo ya kilichotangulia wala kilichofuata. Mwigizaji wa Nigeria Osita Iheme, ambaye wapenzi wa filamu Afrika Mashariki wanamkumbuka kutoka Aki na Ukwa, sura yake inatumiwa duniani kote na watu ambao hawajawahi kuiona filamu yenyewe. Yeye ni mwigizaji, na kuonekana ni sehemu ya kazi yake. Jirani aliyerekodiwa akilia msibani au akianguka sokoni hakuchagua hivyo.

Sheria nazo zimeanza kuuma. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza sehemu moja ya starehe faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Sheria hiyo ya Kenya haigusi matumizi ya mtu binafsi au ya nyumbani, lakini stika ikishatoka kwenye kundi la familia hakuna awezaye kuirudisha. Kumwomba mtu ruhusa huchukua dakika moja.

Tahadhari kwa wenye kifafa

Kurudia bila kikomo kuna hatari nyingine. Mwanga unaomwekamweka kwa kasi unaweza kumletea degedege mtu mwenye aina fulani ya kifafa. Desemba 2016 mwandishi wa habari wa Marekani Kurt Eichenwald, mwenye ugonjwa huo, alipata degedege baada ya kutumiwa GIF ya kumweka kupitia Twitter, na mwaka uliofuata mtu mmoja alikamatwa. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inashauri mwanga usimweke zaidi ya mara 3 ndani ya sekunde moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuiweka avata yako, iache ijirudie mara 20 mbele ya macho yako, ikiwa ndogo kama itakavyoonekana kwenye simu. Uso ukionekana wazi, macho yasipoumia, na mwenye sura akiwa amekubali, picha iko tayari.