Uhunzi wa Wakamba: Ulivyostawi na Kufifia
Katika karne ya 19, Kitui na Makueni zilisifika kwa uhunzi. Wahunzi wa Kikamba waliyeyusha mchanga wenye madini ya chuma uliochotwa mitoni, wakichochea moto kwa mivuo, na kutengeneza mikufu myembamba kwa nyaya za shaba zilizoletwa na misafara ya pwani. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Uswidi, aliieleza kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20.

Reli iliyopita Kibwezi na Makindu kabla ya 1900 ilirahisisha uingizaji wa bidhaa za viwandani zenye bei nafuu, na tanuri zikazimika. Kwa kuwa ujuzi ulirithishwa kwa vitendo, si kwa maandishi, mhunzi aliyefariki bila mwanafunzi alikwenda nao kaburini.