Tarehe ya Pangani, Mji wa Wangojao

Pangani iko mdomoni mwa mto, ukingo wa kaskazini, kilomita 50 na ushei kusini ya Tanga. Ng'ambo ni Bweni na kilima chake. Maji yanayopita katikati yametoka Kilimanjaro na Meru, yakakusanyika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakateremka kwa Korogwe na Hale mpaka hapa yanapokutana na chumvi. Mdomoni pana fungu la mchanga, na kwa sababu yake meli kubwa hazikuingia mtoni; hata jahazi lilingoja maji yajae. Mwenye kuandika tarehe ya mji huu na aanzie hapo, kwenye kungoja. Biashara yote ya Pangani imesimama juu ya mtu anayengoja: atakula wapi, atalala kwa nani, atanunua nini hadi maji yajae au mvua zikatike.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1857, wakapanda hadi Vuga kumwona Kimweri, mfalme wa Washambaa. Mji wakati huo ulikuwa na mabwana wawili, Sultani wa Unguja baharini na Kimweri milimani, na majumbe wa pwani walijua kuwaamkia wote wawili bila kujifunga kwa yeyote. Misafara ilifuata mto kwenda Upare, Uchagani na Umasaini. Bagamoyo ilizoea kupokea Wanyamwezi walioshuka na mizigo yao. Pangani wenyeji walijitwika wenyewe. Mfanyabiashara wa Kihindi alikopesha shanga, kaniki, merikani na nyaya za shaba, na kijana asiyekuwa na kitu aliweza kwenda bara akarudi na jino moja la tembo na jina kubwa mjini. Jina lilikuwa na gharama yake. Aliyerudi alitarajiwa kulisha watu na kupigisha ngoma, na wengi walishika njia tena na deni lile lile.

Upande wa juu wa mto, sehemu za Mauya, kulikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu. Watumwa walikata, wakakamua, wakachemsha, na sukari guru ikapakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Kazi ya miwa haina huruma: ikiiva haimsubiri mtu, na moto wa masufuria hauzimwi usiku. Watumwa walitoroka mara kwa mara, wakajenga vijiji vyao maporini. Nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, ambazo wageni huzipiga picha leo, zimetoka katika pembe na katika migongo hiyo. Tarehe inayowaruka watu hao ni ya kuuzia watalii.

Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, na Agosti kampuni ikaja kutweka bendera yake Pangani. Mkubwa wao alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, na jina hilo halikuwa la mapenzi. Zilikuwa siku za Idi ya Kuchinja. Askari walishushwa kutoka manowari kumsaka liwali, wakaingia msikitini na mbwa. Waliokuwa na kinyongo chao cha forodha, cha ardhi au cha heshima za majumbe, sasa wakapata neno moja la kusema. Mwezi uliofuata watu wa mji waliwafungia Wajerumani ndani ya nyumba yao. Lloyd Mathews, jemadari wa Sultani, alikuja na askari kutuliza mambo. Wajerumani wakatolewa salama, na yeye mwenyewe akalazimika kuondoka.

Aliyeshika uongozi ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa huko huko Pangani. Mwaka huo huo walikamatwa wasafiri wawili waliokuwa wakirudi pwani kutoka Usambara, Oscar Baumann na Hans Meyer, wakaachiwa kwa fidia ya rupia 10,000. Meyer ndiye aliyepanda Kilimanjaro Oktoba 1889. Watoto wetu hufundishwa habari ya kilele, habari ya minyororo hawafundishwi. Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliuteka mji Julai 1889, na tarehe 15 Desemba Abushiri akanyongwa hapo hapo Pangani. Nyundo naye aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891.

Vita haikuiua Pangani. Kilichoiua ni reli. Ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na mzigo wa Kilimanjaro haukuwa tena na haja ya kufuata mto wala kungoja maji kujaa. Mwaka ule ule wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf alikuwa ameagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida; 62 tu vilifika vikiwa hai, vikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo mkonge uliotajirisha Tanga ulianzia Pangani. Mashamba yaliajiri watu wengi kutoka mbali, hadi kamba za nailoni zilipoiangusha bei.

Kilichobaki ni mji wa wilaya ambao mtu anaumaliza kwa miguu kabla jasho halijakauka. Deni lako linajulikana mitaa mitatu mbele, na maradhi yako huulizwa na muuza dagaa kabla hujafika zahanati. Mfuko wa watu wengi ni mnazi. Mkwezi huangua, mfuaji husimamisha kifuo chake ardhini na kufua nazi moja baada ya nyingine kwa mkono usiokosea, lori huja kuzipeleka Dar es Salaam. Bei hupangwa na mwenye lori, naye hana haraka. Mfuaji ndiye mwenye watoto wanaosubiri. Vijana wenye elimu huhama, na kusema kweli sioni sababu ya kuwalaumu.

Bahari nayo imekuwa ikidai chake. Kisiwa cha Maziwe, ambako kasa walitaga, kilipoteza miti yake yote na sasa hufunikwa maji yakijaa. Mjini umejengwa ukuta ufukweni.

Nao wanaongoja pantoni ndio soko la mwisho la kungoja. Foleni ya kwenda Bweni imewalisha mama lishe, wauza madafu, wachoma mihogo na wenye bodaboda. Sasa linakuja daraja la mita 525, kwenye barabara ya kuunganisha Tanga na Bagamoyo kwa kupitia Saadani. Barazani limegawa watu. Mzee mmoja alimuuliza kijana wa bodaboda:

"Gari likipita juu bila kusimama, mwanangu, utampakia nani?"

"Babu, mgonjwa wa Bweni atafika hospitali usiku."

Mzee alikubali hilo, kisha akataka kujua stendi itawekwa upande gani. Kijana alisema kuna wenzake waliokwisha kwenda kuangalia viwanja ng'ambo, na mama lishe mmoja naye anatafuta kibanda karibu na njia panda.