Hofu si shahidi

Ndugu msomaji, watu husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Leo tuitazame methali hiyo kwa tangazo moja la redio lililoua watu katika nchi jirani.

Tarehe 3 Machi 1992, Redio Rwanda, redio ya serikali, ilisoma tangazo hilo mara kadhaa. Lilisema kwamba shirika moja la haki za binadamu la Nairobi limevumbua mpango wa Watutsi wa kuwaua wakubwa wa Kihutu. Habari haikuthibitishwa kabla ya kusomwa. Ilikuwa ya uongo.

Mbona watu waliamini? Usiseme walikuwa wajinga. Vita vilianza Oktoba 1990, na kila nyumba ilikuwa na hofu. Tangazo liliwaambia jambo ambalo mioyo yao ilikuwa inaliogopa tayari, nao wakaifanya hofu hiyo kuwa ushahidi. Katika Bugesera, kusini ya Kigali, viongozi wa mahali waliwaambia Wahutu washambulie kwanza ili wajiokoe. Kwa siku chache Watutsi kwa mamia waliuawa, na nyumba zikachomwa.

Mtu mmoja alisema aliyoyaona kwa macho yake. Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyeishi Nyamata miaka mingi, alizieleza redio za ng'ambo kwamba mauaji yale yalipangwa. Aliuawa mwezi uleule. Unaona, ndugu? Karatasi isiyo na mwenyewe iliaminiwa. Shahidi wa kweli alinyamazishwa. Mwaka 1994 redio nyingine, RTLM, ilipita njia ileile ya kutia hofu, wakati wa mauaji ya kimbari.

Basi, lililosemwa Bugesera halikuwapo. Lililokuja ni kifo cha jirani asiye na kosa.

Mbele ya hakimu, shahidi haulizwi moyo wake unamwambia nini. Anaulizwa: ulikuwa wapi? Uliona nini wewe mwenyewe? Kama uliambiwa, ni nani aliyekuambia, naye alijuaje? Maswali hayo si mali ya wanasheria peke yao. Yanafaa sokoni, kanisani, msikitini na kwenye kituo cha mabasi, hasa siku ile habari inapokubaliana sana na hasira yako juu ya kabila fulani. Siku hiyo ndiyo ya kuuliza mara mbili.

Na sisi tunaosema redioni, tuulize vilevile. Redio ni sauti tu, si ushahidi.