Mifuo Ndani ya Mtutu

Waingereza wana neno 'rifle', na wengi wetu hudhani kwamba maana yake ni bunduki tu. Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa cha zamani chenye maana ya kukwaruza. Kwa fundi wa silaha, kitenzi hicho kilimaanisha kuchonga mifuo inayozunguka ndani ya mtutu, mfano wa mistari ya skrubu. Mifuo hiyo huizungusha risasi inapotoka, nayo risasi inayozunguka huenda mbali bila kuyumba. Gobori halina mifuo, na ndiyo sababu shabaha yake ni ya kubahatisha.

Bunduki ya Baker, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1800, ilikuwa na mifuo 7. Ile ya Enfield ya mwaka 1853 ilikuwa na 3. Polepole mifuo ikakipa jina kitu kizima, kisha askari nao wakaitwa kwa jina la silaha yao.

Hivyo ndivyo neno lilivyotufikia. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na ya Kati, wakaviita King's African Rifles. Wazee wetu hawakuhangaika na maana. Walichukua herufi tatu, K.A.R., wakasema 'Keya'.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, jeshi iliyolirithi likaitwa Tanganyika Rifles. Mfalme aliondoka katika jina, mifuo ikabaki. Maofisa wengi wa Kiingereza nao walibaki. Januari 20, 1964, askari wa Kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na maofisa Waafrika. Wanajeshi wa Uingereza waliuzima uasi huo Januari 25, na jeshi likavunjwa. Septemba 1 mwaka huohuo likaanzishwa Jeshi la Wananchi.

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, niliwataka wanachuo wayapime majina hayo mawili. La kwanza linataja chombo. La pili linamtaja mwenye jeshi. Mmoja alinikumbusha kwamba Kenya imeendelea na jina la Kenya Rifles, na askari wake ni wa taifa lao vilevile. Alisema kweli. Jina peke yake halimgeuzi askari. Lakini chombo hakiulizi kimeelekezwa kwa nani. Askari anayeitwa wa wananchi amekwisha kuambiwa, kabla hajashika bunduki, kwamba hao ndio wenyewe.