Nauli ya Bure kwa Watu wa Nchi Isiyo na Reli

Njia ya chuma haikupata kufika Mbinga, wala Mbamba Bay, wala Liuli. Wajerumani, walioiita Liuli kwa jina la Sphinxhafen na Manda kwa jina la Wiedhafen, waliifikiri sana habari ya kujenga reli kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, lakini fikira hizo zilibaki katika makaratasi. Na reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyoletwa na mradi wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, ilifungwa mwaka 1962 bila ya kuikaribia hata Songea. Hata hivyo, watu wengi wa pande hizo walipanda garimoshi bila ya kutoa senti moja ya nauli, tena zamani ambapo karani wa serikali mwenyewe alihesabu fedha zake mara mbili kabla ya kukata tikiti.

Katika Marekani ya karne ya 19, cheti cha kusafiri bure kilikuwa takrima ya wakubwa, kwani makampuni ya reli yaliwagawia wabunge, mahakimu na watu wa magazeti ili wawe radhi nayo, mpaka sheria ya Hepburn ya mwaka 1906 ilipoharamisha sehemu kubwa ya desturi hiyo. Kwetu Tanganyika msafiri wa bure aliyejulikana zaidi alikuwa kibarua wa mkonge, na aliyemlipia hakuwa na haja ya radhi yake, bali ya mikono yake.

Kodi ndiyo iliyomtoa mtu nyumbani. Serikali ilitaka fedha taslimu, na fedha zilikuwa mbali, katika mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro. Hivyo Wangoni wa Songea na majirani zao walizishika njia za kaskazini kwa miguu, muda wa majuma mengi, na wengine hawakufika. Mwaka 1926 serikali ya Waingereza iliunda idara ya kazi chini ya Meja Orde Browne, na katika mambo iliyoyashughulikia mojawapo lilikuwa kuweka kambi njiani, ili wasafiri hao wapate maakuli, dawa na pahali pa kulala. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda shirika lao la kuajiri, SILABU, na tangu hapo safari ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, ikawa na utaratibu kamili: lori kutoka Songea kupitia Njombe na Iringa, kisha Reli ya Kati. Aliyepangiwa Tanga alishuka tena na kupakiwa lori, madhali reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963, ilipojengwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi.

Huko shambani alipewa kipande, yaani karatasi yenye vyumba 30, na kila alipomaliza ngwe yake ya siku chumba kimoja kilitiwa alama. Siku aliyougua haikuhesabiwa, wala siku ambayo ngwe haikwisha. Nauli ya kwenda ilitolewa kwa haraka na kwa uso mkunjufu. Ile ya kurudi ilingoja mkataba utimie, na aliyetoroka kabla ya hapo aliipoteza. Kwa rai yangu hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya kitu hicho kilichoitwa bure: mtu aliyeachwa mwendo wa mamia ya maili kutoka kwao, asiye na masurufu, hakuhitaji kufungwa kamba. Wenye kulitambua jambo hili mapema walichagua kwenda kwa miguu yao, wakaajiriwa kwa hiari na kuhama shamba wasilolipenda. Nao hawakuwa wachache.

Watu wa pwani ya ziwa walikuwa na mlango mwingine. Wengi waliupa mgongo mkonge wakaenda kwa Wenela, yaani shirika la waajiri waliochukua watu kwa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, wakiwalipia safari yote, na tangu miaka ya 1950 hata kwa ndege, na kuwazuilia sehemu ya ujira wao waipokee watakaporejea kwao. Serikali huru iliikomesha biashara hiyo. Ama Wamatengo wa milimani, kahawa waliyoanza kuipanda katika miaka ya 1920 iliwapa fedha ya kodi mlangoni pao, na nadhani hiyo iliwafaa kuliko nauli yoyote ya kupewa.

Vipande na hati za mikataba hiyo vingali vimo katika masanduku ya watu, Songea, Mbinga na Nyasa, na kila mwaka vingine huliwa na mchwa au huchomwa pamoja na takataka za marehemu. Msomaji aliyerithi karatasi ya namna hiyo asiitupe; na aipeleke Makumbusho ya Majimaji pale Songea, pamoja na jina la mwenyewe na la shamba alilofanyia kazi.