Bustani za Kampala zilianza kabla ya mradi

Zamu hii sisi wa Luzira tunaleta historia, tena historia ya kitu kidogo: gunia la sukuma wiki mlangoni na debe la mchaichai chini ya dirisha. Tunaiandika kwa sababu kila mgeni akija kututembelea anauliza, "Nani aliwafundisha?" Na sisi wenyewe tunaulizana swali gumu zaidi: kuna faida gani kupanda kwenye kiwanja cha mwenye nyumba, wakati mwezi ujao anaweza kututoa? Maswali yote mawili, mji huu ulishayajibu zamani.

Kabla ya Waingereza, mji mkuu wa Buganda haukutenga nyumba na shamba. Kibuga, mji wa Kabaka kule Mengo, ulikuwa nyumba katikati ya migomba. Mtu wa mjini alikuwa mkulima pia, na hakuna aliyeona ajabu. Waingereza walipojenga mji wao pembeni walikuja na wazo jingine: mjini ni ofisi, duka na barabara, shamba likae kijijini.

Luzira yetu ilikua ndani ya wazo hilo. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ilivuka ziwa kwa meli mpaka Port Bell, bandari iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell. Reli ya moja kwa moja kutoka pwani ilifika Kampala mwaka 1931 tu. Huku nyuma gereza nalo likajengwa kilimani. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba pale walitoa ardhini kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo, kazi ya mikono ya watu wa kale. Leo kiko British Museum, London, na kinaitwa Kichwa cha Luzira. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Luzira ni bandari na gereza tu, mwambie udongo wa hapa ulishikwa na watu zamani sana, kabla ya vyote viwili.

Sheria za mji wa kikoloni hazikutaka mazao. Maofisa wa afya waliamini mimea mirefu inaficha mbu, na mji wenye mahindi waliuona mchafu. Uhuru ulikuja mwaka 1962, lakini mawazo hayo yalibaki kwenye vitabu vya sheria, na mtu aliyelima mjini aliweza kufyekewa wakati wowote.

Kilichobadilisha mambo ni njaa, si semina. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, maduka yakawa matupu, bei zikapanda. Ikaja vita ya 1979, halafu vita nyingine mpaka Januari 1986. Mshahara wa mwezi ukawa haufikishi familia hata nusu ya mwezi. Basi watu wakalima: nyuma ya nyumba, kando ya reli, kwenye mabonde yenye majimaji, popote palipo na udongo. Mtafiti Daniel Maxwell alipofanya uchunguzi mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuta kama theluthi moja ya familia za Kampala zinalima. Wengi waliokuwa wakishika jembe ni akina mama, na wengi walilima ardhi isiyo yao: ya kuazima, au ya kukaa tu bila karatasi. Alikuta pia kwamba kwenye familia maskini, watoto wa nyumba zinazolima walikuwa wamekua vizuri kwa urefu kuliko wa nyumba zisizolima.

Someni tena hapo. Ardhi haikuwa yao. Wangeweza kufukuzwa. Na bado mtoto alikua.

Sheria ikaja nyuma, inahema. Mwaka 2006 Halmashauri ya Jiji la Kampala ilitoa kanuni rasmi zinazoruhusu kilimo cha mjini kwa kibali. Mwaka huohuo Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Wakimbizi, inayotupa haki ya kufanya kazi na kutembea. Hakuna aliyepanga ziende pamoja, lakini sisi tunasimama kwenye zote mbili: mkimbizi mwenye haki ya kuishi mjini, na mboga yenye haki ya kuota mjini.

Haki ya kuishi mjini ina bei yake, mnaijua. Wenzetu wa Nakivale walikuwa wakipewa kipande cha ardhi na mgao wa chakula. Sisi tuliochagua Kampala tunajitegemea. Mji ulipofungwa mwisho wa Machi 2020, usafiri ulisimama na wauza mboga waliamriwa kulala sokoni. Mwezi uliofuata mgao wa kambini ukapunguzwa kwa asilimia 30, kwa hiyo hata ndugu wa kambini hakuwa na cha kutuma. Hapo ndipo mama zetu walipochukua magunia. Mmoja alikuwa na mbegu za lengalenga, ile Waganda wanaita dodo. Jirani Mganda akatupa nakati. Sisi tukampa vipande vya matembele, naye akatuonyesha mululuza, ule mti mchungu wa homa.

Gunia si uvumbuzi wetu pia. Kule Kibera, Nairobi, lilienea mwaka 2008 baada ya vurugu za uchaguzi, shirika la Solidarités likisaidia. Kazi yake ni rahisi: chukua kopo lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze mawe, jaza udongo na samadi pembeni, kisha vuta kopo juu, ujaze tena mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya mawe ndiyo inapeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, pandikiza miche. Na gunia lina siri moja: mwenye nyumba akikuondoa, baada ya mavuno ya mwisho unaweza kulimwaga, ukabeba udongo wako kwa jerikani na kuondoka nao.

Lakini historia ina onyo. Maji machafu ya mji yanapita mfereji wa Nakivubo, yanaingia bondeni jirani yetu, ndipo yafike ziwani. Udongo wa bonde ni mweusi, unavutia, ila unabeba yale yaliyomwagwa mjini. Tena watafiti waliopima mboga za kando ya barabara za Kampala na kutoa matokeo yao mwaka 2006 walikuta madini ya risasi, wakashauri mboga za majani zipandwe mita 30 kutoka barabara kubwa. Kwa hiyo, vijana, msichote udongo wa bonde kwa sababu ni wa bure. Na majani yaoshwe kwa maji safi.

Sasa, ndugu wa mashirika, tunawaomba kwa heshima. Mkija, msianze na mafunzo ya siku tatu na fulana. Anzeni na akina mama wanaolima tayari, muwaulize wamekwama wapi. Watawaambia: maji ni ya kununua kwa jerikani, udongo haujapimwa, na mwenye nyumba anahitaji mtu wa kuongea naye. Hayo matatu ndiyo msaada.

Na wewe kijana unayesubiri upate ardhi yako kwanza: Kampala ilikula miaka mingi kutoka ardhi ya kuazima. Lengalenga inavunwa ndani ya wiki chache. Mwenye mbegu ya ziada atuletee, nasi tunayo miche ya nakati ya kugawa.