M-1: Shindano la Kuwaambia Wachekeshaji Waache

Husimuliwa mara nyingi kwamba M-1 Grand Prix, shindano la televisheni ambalo kila Desemba huwasaka wachekeshaji bora wa jozi nchini Japani, lilianzishwa ili sanaa ya manzai isife. Ni kweli, ila hiyo ni nusu tu ya habari. Shimada Shinsuke, aliyelibuni mwaka 2001 pamoja na Tani Ryoichi wa kampuni ya burudani ya Yoshimoto Kogyo, ameeleza kwamba alikuwa na nia ya pili: kuwapa wasio na kipaji nafasi ya kuacha. Kanuni ya umri ilitokana na nia hiyo. Jozi iliyopitisha miaka 10 tangu iundwe haikuruhusiwa kushiriki, kwa maana kwamba aliyepigania nafasi muongo mzima bila kufika popote ameshajibiwa na akatafute riziki kwingine. Wasimulizi wengi huitaja nia hii kama kichekesho cha pembeni, kisha wakapita. Mimi naona humo ndimo ulimo ufunguo wa historia yote ya shindano hili. M-1 ilitungwa ikalie kiti cha mwalimu mkali aliyekuwa ametoweka katika fani, mtu mwenye mamlaka ya kumwambia mwanafunzi arudi kwao. Kazi hiyo iliishinda, na kwa kuwa iliishinda, ikakua.

Kiti hicho kilikuwa na wenyewe kwa karne nyingi. Kabla ya kuwa mchezo wa jukwaani, manzai ilikuwa ibada ya heri ya mwaka mpya. Watu wawili, mkuu aliyeitwa tayu na msaidizi wake saizo mwenye ngoma ndogo ya mkononi, walipita nyumba hadi nyumba wakiombea baraka, wakiimba na kutia mzaha. Wasanii wa Mikawa, eneo lililo katika mkoa wa Aichi wa leo, walikuwa na heshima ya pekee kwa kuwa ukoo wa Tokugawa, watawala wa Japani wakati ule, ulitoka huko, hivyo hata milango ya makabaila wa Edo, Tokyo ya leo, iliwafungukia. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 mchezo huo uliingia kumbi za Osaka, bado ukiwa na ngoma, nyimbo na pepeo mkononi. Waliougeuza kabisa ni Yokoyama Entatsu na Hanabishi Achako, walioungana mwaka 1930 chini ya Yoshimoto. Walipanda jukwaani wamevaa suti, wakaacha ngoma na nyimbo, wakabaki na maongezi matupu. Kipande chao kilichovuma zaidi kilihusu mechi ya besiboli kati ya vyuo vikuu vya Waseda na Keio, jambo ambalo kila msikilizaji wa redio wa wakati ule alilijua. Tangu hapo umbo limebaki lile lile: mmoja, boke, husema mambo yaliyokwenda kombo, mwingine, tsukkomi, humkatiza na kumrekebisha, kati yao kipo kipaza sauti kimoja tu kilichosimamishwa katikati, na wote wawili lazima wakisogelee.

Aliyetaka kuingia humo alijikabidhi kwa mwalimu. Alibeba mizigo, alifagia chumba cha kubadilishia nguo, alisikiliza kutoka pembeni ya jukwaa, na akikubalika alipewa jina. Shinsuke mwenyewe alipita njia hiyo, na hilo jina la Shimada ni la mwalimu wake. Mfumo huu ulikuwa na ukatili wake, na sina haja ya kuupamba, lakini ulikuwa na mtu wa kusema hapana. Ulivunjwa na mafanikio. Mwaka 1980 kipindi cha THE MANZAI cha Fuji Television kiliwasha moto nchi nzima, kikawafanya vijana kama Beat Takeshi wa Two Beat na Shinsuke wa Shinsuke-Ryusuke kuwa nyota, kisha baada ya takriban miaka miwili moto ukazimika. Yoshimoto ilikuwa imeona jinsi jozi chache zinavyoweza kuchota fedha nyingi, na mwaka 1982 ikafungua Osaka shule iitwayo NSC. Kundi la kwanza la shule hiyo lilitoa Downtown, jozi isiyokuwa na mwalimu wala jina la kurithi. Shinsuke amesimulia kwamba alipowaona alitambua kuwa hawezi kuwashinda, akaivunja jozi yake mwaka 1985 na kugeukia kazi ya kuongoza vipindi. Shule ilipokea ada kutoka kwa kila aliyekuja, na mlipa ada si rahisi kuambiwa kwamba hafai. Kufika mwaka 2000 mji ulikuwa umejaa wahitimu wanaofanya vibarua mchana na kusubiri jioni zamu ya dakika chache kwenye kumbi ndogo, huku hakuna wa kuwaambia chochote.

Tukilitazama shindano la 2001 kwa jicho hilo, masharti yake yanaeleweka. Zawadi ilikuwa yen milioni 10, kiasi ambacho hakikuwa kimesikika katika mashindano ya vichekesho. Mlango uliwekwa wazi kwa kampuni zote za usanii na hata kwa watu wasio na kampuni, hivyo kisingizio cha upendeleo hakikuwa na pa kusimama. Jozi 1,603 zilijiandikisha, na fainali ilirushwa hewani tarehe 25 Desemba na Asahi Broadcasting ya Osaka. Kosa kubwa la mwaka ule lilikuwa kuwagawia watazamaji kura: hadhira katika miji ya Sapporo, Osaka na Fukuoka ilitoa alama pamoja na waamuzi wa studio, na watu wa Osaka, wanaoiona manzai kuwa mali ya nyumbani kwao, waliwapa Ogiyahagi wa Tokyo alama 9 kati ya 100. Washindi walikuwa ndugu wawili wa Nakagawake, watu wa Osaka. Mwaka uliofuata kura za hadhira zikafutwa, uamuzi ukaachiwa waamuzi wa jopo peke yao. Naliona badiliko hili kuwa muhimu kuliko zawadi yenyewe. Ladha ya umma hubadilika na haimfungi mtu, lakini alama ya Matsumoto Hitoshi wa Downtown, iliyotolewa mbele ya taifa zima, ilikuwa hukumu ya fundi juu ya kazi ya fundi. Kiti cha mwalimu kilikuwa kimepata mtu.

Je, walioambiwa hapana waliondoka? Idadi ya washiriki inasema kinyume. Kutoka jozi 1,603 shindano lilifika 4,835 mwaka 2010, na mwaka 2024 lilivuka 10,000. Atakayepinga atasema namba hizi hazithibitishi kitu, kwa sababu raundi ya kwanza imejaa wanafunzi, wafanyakazi wa ofisini na watu waliokuja kujifurahisha kwa dakika mbili. Pingamizi hilo lina uzito, kwa hiyo tuwaache hao na kuwatazama walio juu. Waraimeshi walifika fainali miaka tisa mfululizo, 2002 hadi 2010, na kuchukua taji mwaka wao wa mwisho kuruhusiwa. Kila walipokosa walipata sababu ya kurudi, na watazamaji walirudi nao. Tena, kanuni ilihesabu umri wa jozi, haikuhesabu umri wa mtu. Wawili wakitengana na kila mmoja akapata mwenzake mpya, saa inaanza upya. Nishikigoi, mabingwa wa 2021, ni wanaume wawili wa Hokkaido ambao jozi zao za awali zilivunjika na wakaungana mwaka 2012. Siku ya ushindi Hasegawa Masanori alikuwa na miaka 50 na Watanabe Takashi 43, wakilia wamekumbatiana mbele ya kamera. Kwa mtu wa miaka 40 anayeishi kwa vibarua, picha ile ilikuwa amri ya kuendelea. Shindano lililoundwa ili limkatishe tamaa lilikuwa limempa tumaini ambalo mwalimu wa zamani asingethubutu kumpa.

Hata waandaaji hawakuweza kutii kanuni yao. Mwaka 2010 walilifunga shindano, miaka 10 ikiwa imetimia, kwa maelezo kwamba lengo la kuifufua manzai limefikiwa. Agosti 2011 Shinsuke alistaafu ghafla baada ya kufichuka kwa uhusiano wake na mtu wa karibu na magenge ya yakuza, na nafasi iliyoachwa wazi na M-1 ikajazwa na Fuji Television, iliyolirudisha jina la THE MANZAI kama shindano kuanzia 2011 hadi 2014. Mwaka 2015 M-1 ikarudi, na kikomo kikasogezwa kutoka miaka 10 hadi 15. Mabadiliko hayo yalipita bila kelele nyingi, ingawa yaliung'oa msingi. Miaka 10 ilikuwa muda wa kumwachisha kazi mtu akiwa bado kijana. Baada ya 15 ameshapita umri wa kuajiriwa kwa urahisi. Toro Salmon walishinda 2017 katika mwaka wao wa mwisho chini ya kanuni mpya. Kwa kikomo cha zamani wangekuwa wameshafungiwa nje miaka mitano.

Wapo wasemao kwamba tatizo halisi liko kwingine, kwamba shindano limeiharibu sanaa kwa kuibana ndani ya dakika nne. Kwenye ukumbi jozi hupewa dakika 10 au zaidi, na wazee walizitumia kwa raha, wakiongea kana kwamba wamekutana njiani. Malalamiko haya yana msingi: NON STYLE walishinda 2008 kwa kasi ya kurundika kichekesho juu ya kichekesho, na wengi wakawaiga. Lakini tazama kilichotokea 2019. Milkboy, jozi ya Osaka ambayo televisheni ilikuwa karibu haiijui, walianza kwa Komaba kusema mama yake amesahau jina la chakula cha asubuhi anachokipenda. Mwenzake Utsumi anakisia haraka: kornfleksi. Komaba anaongeza kwamba mama anasema angeridhika nacho kama mlo wa mwisho kabla ya kufa. Basi si kornfleksi, anajibu Utsumi, maana hakuna mtu atakayekubali kuuaga ulimwengu kwa kornfleksi. Kidokezo kinachofuata kinairudisha kornfleksi, cha baada yake kinaiondoa tena, na kila zamu Utsumi anafichua jambo ambalo wote tulilijua na hatujawahi kulisema, kama lile la mchoro wa virutubisho kwenye boksi, unaopendeza kwa sababu umejumlisha virutubisho vya maziwa. Alama zilikuwa 681 kati ya 700, kiwango cha juu kuliko vyote katika historia ya shindano hadi siku hiyo. Dakika nne ziliwalazimisha kutupa kila kitu isipokuwa mashine yenyewe, ikabaki uchi, ikafanya kazi.

Mwaka uliofuata kukazuka ugomvi. Magical Lovely walishinda kwa mchezo ambamo Noda Crystal anabiringika sakafuni ndani ya treni ya kuwazia, akikataa kushika mpini, karibu bila kuongea kabisa, huku mwenzake Murakami akieleza na kushangaa. Nchi nzima ikabishana kama ile ni manzai. Kwangu jibu liko mwaka 1930. Aliyezoea ngoma na pepeo angesema vivyo hivyo juu ya wanaume wawili waliovaa suti na kupiga soga. Pingamizi lingine, kwamba shindano ni mradi wa Yoshimoto wa kujipa taji, ni zito zaidi, na takwimu haziliondoi moja kwa moja: kati ya fainali 20 zilizofanyika hadi 2024, jozi za kampuni nyingine zilishinda tano tu, yaani Masuda Okada, Untouchable, Sandwichman, Nishikigoi na Westland. Lakini Yoshimoto ndiyo yenye shule na kumbi nyingi kuliko wote, na Sandwichman wa 2007 hawakuwamo hata kwenye orodha ya awali ya fainali. Walipita kupitia raundi ya walioshindwa iliyofanyika uwanja wa mbio za farasi wa Oi, wakaingia studio usiku ule ule na kuondoka na taji. Upendeleo wa kupanga matokeo usingeiruhusu siku kama ile. Ninachokiona kigumu zaidi kukitetea ni kwamba hadi leo hakuna mwanamke aliyeshinda. Hakuna kanuni inayowazuia, na Harisenbon walifika fainali mara mbili, 2007 na 2009. Mwaka 2017 wanawake walifunguliwa shindano lao, THE W, suluhisho linaloacha swali la M-1 pale pale lilipokuwa.

Na kwa wale ambao hata miaka 15 imewaishia, mwaka 2023 Fuji Television ilianzisha THE SECOND, shindano la jozi zenye miaka 16 na kuendelea. Washindi wa kwanza walikuwa Gallop wa Osaka. Muda wa kila mchezo ni dakika sita, jozi hukabiliana mbili mbili, na alama hutolewa na watazamaji 100 walioketi ukumbini, kila mmoja akitoa moja, mbili au tatu. M-1 ilizifuta kura za hadhira baada ya mwaka mmoja kwa sababu ilihitaji hakimu wa kumwambia mtu aache. Mkongwe wa THE SECOND hana wa kumwambia hivyo tena, wala umri wa kumfungia nje, na jozi ya miaka 30 jukwaani inaruhusiwa kujiandikisha tena mwakani.